Je, kufunga programu zote kunaokoa chaji ya simu?

Kwa miaka mingi nilikuwa na kawaida yangu. Nikipanda mwendokasi Kimara, kabla hatujafika Ubungo nimeshazifunga programu zote, moja baada ya nyingine, kioo kibaki cheupe na roho itulie. Fundi mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliponiona nikifanya hivyo alicheka. "Kaka, hapo ndipo unapoimaliza chaji."

Nilibisha. Lakini programu unazoziona kwenye orodha ya ulizotumia karibuni, nyingi zimelazwa. Zimekaa kwenye kumbukumbu ya muda bila kufanya kazi, na kumbukumbu hiyo inakula umeme uleule, ijae isijae. Ukiifunga programu kisha ukairudia baada ya dakika kumi, simu inaipakia upya kuanzia mwanzo, na hapo ndipo penye gharama. Mwaka 2016 mteja mmoja aliiandikia Apple kuuliza kama kufunga huko kunasaidia betri. Craig Federighi, mkuu wa programu wa kampuni hiyo, akajibu: hapana. (Iliyoganda, au ramani inayoendelea kukuongoza wakati umeshafika, hiyo funga tu.)

Sasa chaji inakwenda wapi? Mwanga wa kioo, hilo linajulikana. Ajabu iko kwenye redio ya simu, ile inayowasiliana na mnara. Ichukulie kama jiko la mkaa. Unataka kikombe kimoja cha chai: unapepea mpaka mkaa ushike, chai inachemka, unaepua, na mkaa bado unawaka bila sufuria juu yake. Redio nayo ikishatuma data haizimi palepale. Inabaki macho kwa sekunde kadhaa, pengine kuna kingine kinakuja. Muda huo hutegemea mtandao. Programu inayouliza "kuna jipya?" kila dakika inawasha jiko kila dakika, na mara nyingi jipya halipo.

Dawa yake ni ya jikoni: moto ukishawaka, chai, maharage na maji ya kuoga vifuatane hapohapo. Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta Doze, inayozuia kazi za mtandao simu ikiwa imelala, kisha kuziruhusu zote kwa pamoja kwa vipindi vifupi vinavyozidi kuachana. Ila sharti simu itulie tuli. Yangu, iliyokuwa ikirukaruka mfukoni kutoka Kimara hadi Kivukoni, haikuhesabiwa kuwa imelala mpaka toleo la 7.0, mwaka 2016, lilipolegeza sharti hilo.