Kloni au ya kampuni? Fungua pawasaplai kwanza

Juzi mwalimu mmoja aliniletea kompyuta ya maabara ya shule yao, kloni, yaani iliyoungwa na mafundi wa Kariakoo kwa vipande vya viwanda mbalimbali, haijamaliza hata mwaka. "Fundi, umeme ulikatika, uliporudi ikalia paa! Tangu hapo kimya." Nilipofungua keisi, harufu ilishanijibu. Pawasaplai, kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, imeungua na imekwenda na mazabodi, ile bodi kuu.

Akaniuliza swali ninaloulizwa kila wiki: angenunua Dell au HP iliyotumika, si ingekuwa nafuu?

Kloni si kompyuta feki, hilo tuliweke sawa. IBM ilipotoa kompyuta yake ya 5150 mwaka 1981, vipande vyake vingi vilikuwa vya kununuliwa sokoni. Kilichokuwa chake hasa ni BIOS, programu ndogo inayoiamsha kompyuta unapoiwasha. Kampuni ya Compaq ikaandika BIOS yake upya, na Dell ikaanza mwaka 1984 kwa kuuza mashine zinazoendana na za IBM. Baadhi ya majina tunayoyaheshimu leo yalizaliwa kwenye ukloni. Na prosesa ni zilezile, za Intel au AMD.

Tofauti imejificha mahali ambapo mteja hapaulizii. Anauliza ramu ngapi, diski kubwa kiasi gani. Pawasaplai haiulizii, na muuzaji aliyebanwa bei anapunguzia hapohapo.

Niliiweka ile iliyoungua mezani, kando yake pawasaplai ya OptiPlex 9020, kompyuta ya kiofisi ya Dell. Kibandiko cha ya kloni kinasema wati 500. Cha Dell, wati 290. Ukizishika, hiyo ya 500 ni nyepesi kama kopo tupu. Nikaifungua. Kwenye bodi kuna alama zilizochapishwa za mahali pa koili za kuchuja umeme, lakini koili hazipo, nafasi zimezibwa kwa vipande vya waya. Kapasita kubwa, ambayo ndiyo akiba ya zile milisekunde chache umeme unapocheza, ni ndogo kuliko inavyostahili hata nusu ya wati zilizoandikwa. Ile ya Dell inazitoa 290 zake kweli, siku nzima.

Kwa hiyo kwa shule, ofisi au duka, mimi nasema bila kusita: chukua ya kampuni iliyotumika, tena zile za kiofisi, yaani OptiPlex ya Dell, EliteDesk ya HP au ThinkCentre ya Lenovo. Ila tazama kizazi cha prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Hiyo 9020 niliyoisifia ni ya kizazi cha nne, haimo.

Nazo zina mtego wao, na umewaumiza wateja wangu. Plagi kuu ya pawasaplai ya kawaida ina pini 24. Ya 9020 ina pini 8, ya EliteDesk 800 G1 ina 6. Ikifa Ijumaa jioni, duka la jirani halikusaidii. Unatafuta ya modeli ileile au waya wa kugeuzia. Kloni inafuata ATX, vipimo vya pamoja vya bodi, keisi na pawasaplai vilivyotolewa na Intel mwaka 1995, kipande chochote unakipata siku hiyohiyo.

Anayehariri video naye simpeleki kwenye hizo keisi nyembamba, kadi kubwa ya grafiki haiingii. Huyo tunamuungia kloni, na bajeti tunaanzia kwenye pawasaplai yenye alama ya 80 PLUS, inayoonyesha kuwa imepimwa na haipotezi umeme mwingi, ndipo tunaongelea prosesa.

Mwalimu bado ana kloni kumi na moja za aina ileile pale maabara. Hatuzitupi. Prosesa na ramu za hii iliyokufa nimezijaribu kwenye mazabodi nyingine, nzima kabisa. Jumamosi nakwenda shuleni na pawasaplai nne, ndizo bajeti yake imefikia kwa sasa. Saba zitakazobaki nimemwomba azichomoe ukutani kila umeme unapokatika, asizirudishe mpaka utulie.