"Saladi kwanza" maana yake nini?

Ukikaa kwenye mgahawa mdogo wa Kadutu, Bukavu, mchana wa saa sita, utaletewa bugali wa muhogo, sambaza (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu) pembeni, na kwenye ukingo wa sahani kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba na vipande viwili vya nyanya. Wengi wetu tunashambulia bugali. Kabichi inabaki mwisho, ama inarudi jikoni vile ilivyokuja.

"Saladi kwanza" ni kugeuza zamu hiyo: mboga zitangulie, kisha sambaza au maharagwe, bugali ndio ufunge. Chakula ni kilekile. Kinachobadilika ni mwendo wa sukari kuingia katika damu. Bugali wa muhogo karibu wote ni wanga, na wanga huvunjwa upesi kuwa glukosi, yaani sukari ya damu. Lakini ukikuta tumboni nyuzinyuzi za mboga, pamoja na protini na mafuta ya samaki, tumbo huachilia chakula kidogo kidogo kwenda utumbo mwembamba, na insulini inayotoka kwenye kongosho inapata muda wa kufanya kazi yake ya kushusha sukari. Sukari itapanda tu. Tunaposema imetulia, tunamaanisha haikupanda kwa pupa.

Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell, New York, waliwalisha watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili chakula kilekile siku mbili tofauti: mkate na juisi ya machungwa, kuku, na mboga. Siku walipoanza na mboga na kuku, sukari yao dakika 60 baadaye ilikuwa chini kwa karibu 37% kuliko siku walipoanza na mkate na juisi. Watu 11 ni wachache, nakubali. Ila mwenye mashine ya kupima sukari kwa tone la damu la kidoleni anaweza kujijaribu mwenyewe nyumbani.

Sasa, ile "saladi" ya harusi zetu isikudanganye. Hiyo ni viazi vilivyovaa mayonezi. Ihesabu upande wa bugali. Saladi ninayosema hapa ni kabichi, nyanya, tango, kitunguu, karoti iliyokwanguliwa, na avoka ukiipata, ikamuliwe ndimu au itiwe siki kidogo. Tena iwe kiasi cha kushika nusu ya sahani, si kile kipande cha pambo. Anayeogopa mboga mbichi kwa sababu ya kipindupindu, na huku kwetu ana haki ya kuogopa, aanze na lengalenga (mchicha) iliyopikwa. Nyuzinyuzi hazimalizwi na moto.

Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamidi, asifikiri kwamba saladi peke yake inatosha akaacha bugali ghafla. Dawa itaendelea kushusha sukari hata kama hakuna wanga uliokuja, na hapo ndipo jasho, kutetemeka na kizunguzungu vinapoanza. Aongee kwanza na muuguzi anayemfuatilia.