Kabla ya kulaumu dawa ya kupe, pima ujazo wa pampu

Ng'ombe kaogeshwa juzi, leo kupe bado wamejaa masikioni. Lawama huangukia dawa, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye ujazo. Ng'ombe mkubwa huhitaji takriban lita 10 za dawa iliyochanganywa ili alowe hadi kwenye ngozi. Kwa hiyo pampu ya mgongoni ya lita 20 inatosha ng'ombe wawili. Ikiogesha kumi, yanalowa manyoya tu na kupe hawaguswi.

Amitrazi, mojawapo ya dawa za kupe, ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa moja kwa 500, yaani mililita 40 kwa lita 20 za maji. Soma lebo, kwani dawa hazifanani. Pima kwa bomba la sindano, usikisie kwa kifuniko cha chupa. Jaza maji nusu pampu, tia dawa, ongeza maji, kisha tikisa. Amitrazi usiipulize kwa farasi wala punda: huzuia utumbo kufanya kazi.

Ogesha asubuhi kabla ya jua kali, ng'ombe wakiwa wamekunywa maji, na mvua isiwe karibu. Ikinyesha mapema, rudia. Puliza kinyume na ulalo wa manyoya. Usiharakishe ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kinena na katikati ya kwato. Kupe wa kahawia hupenda sikio; kupe wa madoadoa hupenda kiwele na kinena. Mgongo, unaolowa vizuri kuliko kote, ndio wenye kupe wachache. Kiwele kipulizwe baada ya kukamua.

Kupe wa kahawia huhitaji siku kadhaa tangu ang'ate hadi vimelea vya ndigana kali vikomae mateni mwake. Ndiyo maana penye ugonjwa huo huogeshwa hata mara mbili kwa wiki, ili kupe afe kabla hajaambukiza. Kwingine siku 7 hutosha.

Ukiwa umepima na kulowesha sawasawa, kagua baada ya saa 48. Kupe walioshiba damu wakiwa bado hai wameng'ang'ania, shuku usugu, yaani dawa haiwaui tena. Kupe wa bluu huwa sugu upesi, kwa sababu hukaa kwa ng'ombe yuleyule wiki 3 tangu akiwa kupe mchanga hadi utu uzima, hivyo kila hatua yake hukutana na dawa. Hapo badilisha kundi la dawa, mathalani kutoka amitrazi kwenda pairethroidi. Jina jipya dukani lenye kiini kilekile halitabadilisha kitu. Na usichanganye dawa mbili kwenye pampu moja.