Msiniombe tena tarehe 24 Desemba

Kazi yangu ni kupangia familia safari za Ulaya. Ujumbe wa mteja uliingia juzi saa nne usiku: "Dada, tuna watoto wawili, mmoja miaka minne, mwingine mwaka na nusu. Tunataka tufike Vienna tarehe 24, tuamkie Krismasi huko, tarehe 30 turudi." Nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji. Ni mara ya saba mwaka huu, na Novemba bado haijaingia.

Naelewa kosa linakotoka. Krismasi yetu ni tarehe 25 na ni ya nje: nguo mpya, sahani ya pilau kwa jirani, jioni Coco Beach hapapitiki. Mtu akiwaza Krismasi ya Ulaya anaichukua siku hiyohiyo na kuinyunyizia theluji. Kumbe Austria na Ujerumani Krismasi ya nje ndiyo inaishia hapo. Tarehe 24, ikifika saa nane mchana, maduka yamefungwa na watu wameingia ndani kwao. Zawadi zinafunguliwa jioni ileile, tena Austria na kusini mwa Ujerumani aliyezileta ni Christkind, mtoto Yesu, si babu wa ndevu. Tarehe 25 na 26 ni sikukuu. Hata masoko ya Krismasi, vile vibanda vya nje vyenye taa, yanaisha: la Nürnberg, Ujerumani, hufungwa tarehe 24 yenyewe. La uwanja wa Rathaus, jumba la halmashauri ya jiji pale Vienna, mji mkuu wa Austria, hujikongoja hadi 26.

Sasa chukua kalenda ya 2026. Tarehe 25 ni Ijumaa, 26 Jumamosi, 27 Jumapili, na Jumapili maduka ya huko hayafunguliwi. Hizo ni siku tatu na nusu, na wewe umetua na nepi zilizobaki baada ya usiku kucha ndegeni. Ndiyo, yapo maduka machache ya kwenye stesheni kubwa, kama Hauptbahnhof, stesheni kuu ya treni, yanayouza hata sikukuu. Foleni yake utakuja kuisimulia. Panado usiitafute dukani kabisa. Austria dawa ziko duka la dawa tu, na sikukuu maduka hayo hupokezana zamu, kwa hiyo mtoto akipata homa usiku unaweza kuvuka mji mzima. Beba za kwako.

Kuna mteja atanijibu kwamba bustani ya wanyama ya Schönbrunn, iliyoanzishwa 1752, hufunguliwa kila siku ya mwaka, hata tarehe 25. Kweli. Sasa umetoka Tanzania ukaenda kumwonyesha mtoto twiga?

Nendeni mapema Desemba. Shule zinazofuata kalenda ya serikali huwa zimeshafunga, masoko yote yako wazi, na mji unafanya kazi. Jihadharini tu na jioni ya tarehe 5, ambapo miji mingi ya Austria hutoa Krampus: watu wazima wenye vinyago vya pembe, manyoya na kengele, kazi yao kutisha watoto. Wa miaka kumi atacheka. Wa minne hatalala.

Jambo linalonigombanisha na wateja zaidi ni giza. Desemba jua la Vienna huchomoza kama saa moja na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. (Naandika saa zetu. Tiketi hazijui saa zetu: kuna baba alisoma 10:00 akafika stesheni saa kumi jioni. Hatumtaji.) Kila mtu ananilalamikia kwamba siku ni fupi. Kwa mtu mzima anayekimbizana na majumba ya makumbusho, sawa. Ila mtoto wa miaka minne kilichompeleka ni taa, na taa zinataka giza. Saa kumi zimewaka, saa kumi na nusu yuko juu ya farasi wa mbao anayezunguka, saa kumi na mbili yuko kitandani. Vienna iko nyuma yetu kwa saa mbili. Mtoto anayesinzia saa mbili usiku Dar, kule atasinzia saa kumi na mbili jioni. Msihangaike kumbadilisha. Mwacheni aishi kwa saa za nyumbani, mji wenyewe umejipanga naye.

Gharama yake ni alfajiri. Anayeamka saa kumi na mbili Dar, kule ataamka saa kumi, na jua halionekani hadi saa moja na nusu asubuhi. Hapo sina dawa. Zamani nilishauri kusogeza usingizi nusu saa kila siku kabla ya safari. Familia moja ilifaulu. Nyingine ilifika uwanja wa ndege na watoto waliokwisha choka. Siku hizi nasema kodini fleti yenye jiko na mlango unaofungika kati ya chumba na sebule, mpike uji.

Mengine haraka. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, kila mtoto na fomu yake. Chini ya miaka sita hawalipi ada, bima iwe ya euro 30,000 au zaidi, na Uingereza haimo, nimechoka kurudia. Nguo ni tabaka, si jaketi moja la bei mbaya. Fulana ya sufu mwilini, maana pamba ikishika jasho inakaa na baridi. Kwenye kiti cha mtoto ndani ya gari, jaketi nene livuliwe kwanza, la sivyo mkanda umeshika jaketi, haujamshika mtoto. Theluji mjini haina ahadi. Mkiitaka, pandeni treni hadi Semmering kule milimani, zaidi kidogo ya saa moja.

Nina shaka moja mbaya kwa biashara yangu. Yule wa mwaka na nusu sina hakika anapata nini. Nimeona picha nyingi za wenye umri huo mbele ya taa maelfu, na wote wanaangalia njiwa.

Nilimjibu yule mteja: tarehe 6 hadi 14, Krampus wakishapita, Vienna peke yake, msiniongezee Prague. Akakaa kimya dakika kumi.

"Sawa dada. Lakini si itakuwa bado siyo Krismasi?"