Programu inayogawa mafaili yako bila wewe kujua

Programu za kugawana mafaili, kama zilivyokuwa Kazaa na LimeWire, hazitegemei ghala moja kuu. Kompyuta yako huchukua faili kwa wenzake, nayo huwagawia wengine kilichomo ndani yake. Upande huo wa pili ndio wengi hawauoni. Kijana anapakua wimbo kwenye kompyuta ya nyumbani, kumbe folda yenye slipu za mshahara za baba na fomu za kodi iko wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao huo.

Kwa miaka kadhaa macho ya wabunge wa Marekani yalikuwa zaidi kwenye hakimiliki. Mwaka 2002 mbunge Howard Berman alipendekeza wenye kazi za sanaa wapewe kinga ya kisheria wakivuruga mitandao hiyo kiufundi. Mwaka 2004 Seneta Orrin Hatch akaja na muswada wa kumbana kila anayeshawishi watu kukiuka hakimiliki, mpana kiasi cha kuwatia hofu hata watengenezaji wa vifaa vya muziki. Yote miwili ilikwama. Juni 2005 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Grokster, kampuni iliyosambaza programu ya aina hii, ikaamua kwamba anayesambaza programu huku akihimiza ukiukaji atawajibika.

Muswada ninaouona wa maana zaidi ni wa mbunge Mary Bono Mack wa mwaka 2009. Haukugusa muziki wala filamu. Ulitaka programu imweleze mtumiaji waziwazi kwamba mafaili yake yatapatikana kwa wengine, ipate ridhaa yake kabla ya kuanza kazi, na isimzuie kuiondoa. Oktoba mwaka huohuo, waraka wa siri wa kamati ya maadili ya Bunge ulivuja, ukiwa na majina ya wabunge zaidi ya 30. Mfanyakazi alikuwa ameuweka kwenye kompyuta ya nyumbani yenye programu ya aina hiyo. Desemba Baraza la Wawakilishi likaupitisha muswada, na Machi 2010 likapitisha mwingine wa kudhibiti programu hizi kwenye kompyuta za serikali kuu. Hakuna uliovuka Seneti.

Kasoro ya muswada wa Bono Mack, kwa maoni yangu, ni kutegemea ridhaa. Nani husoma maandishi yote kabla ya kubonyeza "Nakubali"? Afadhali sheria iseme kwamba programu ianze ikiwa imefunga kila kitu, mtumiaji afungue anachotaka.

Kesi ya FrostWire, programu nyingine ya kugawana mafaili, ya 2011 inaonyesha tofauti hiyo. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, kwa mamlaka yake ya zamani dhidi ya udanganyifu na hila za kibiashara, iliishtaki kampuni hiyo kwa sababu programu yake ya simu ilianza kugawa picha na video mara tu ilipowekwa. Mwenye picha 200 aliyetaka kugawa 10 alilazimika kuzifunga 190 moja moja. Kampuni ilikubali kubadili mipangilio.

Programu za torenti, ambazo ndizo za kugawana mafaili leo, kwa kawaida hugawa faili lile unalopakua tu, lakini anwani yako ya intaneti huonekana na wote mnaogawana. Fungua mipangilio, tazama ni folda ipi inagawiwa, na uhakikishe programu haijiwashi yenyewe kompyuta inapowaka. Nyaraka za kazini zisikae kwenye kompyuta hiyo kabisa.