Riba ikishuka India, amana yako ya zamani haiguswi

Kila Benki Kuu ya India inapopunguza riba yake, ile inayozikopeshea benki, wastaafu wengi huamini kwamba amana zao za muda maalumu zimepunguziwa faida siku hiyohiyo. Sivyo. Mwaka 2025 riba hiyo ilishuka kutoka asilimia 6.5 mwezi Januari hadi 5.5 mwezi Juni. Lakini aliyekuwa tayari ameweka rupia 100,000 kwa asilimia 7 kwa miaka mitatu, akichukua riba kila robo mwaka, aliendelea kupokea rupia 1,750 zilezile, kabla ya kodi. Mkataba haubadiliki mpaka amana iive, isipokuwa kwa amana chache ambazo tangu mwanzo huandikwa kuwa za riba inayobadilika.

Pa kuangalia ni siku ya kuiva. Mteja asipotoa maelekezo, benki nyingi huihuisha amana kwa riba ya siku hiyo, na hapo ndipo mzee anayeitegemea kununulia dawa hushtuka.

Riba ikipanda, wapo wanaokimbilia kuvunja amana ili wahamie kwenye riba mpya. Wapige hesabu kwanza: benki hulipa riba ya muda ambao pesa imekaa kweli, na kwa kawaida hupunguza kiwango cha riba hiyo kwa asilimia 0.5 hadi 1.