Risini ya meno haikauki, inashikana

Wagonjwa wengi huuliza wakae muda gani dawa ya kuziba jino ikauke. Hakuna cha kukauka humo. Risini, yaani hiyo dawa yenyewe, haina maji yanayopaswa kuondoka; inakuwa ngumu kwa sababu molekuli zake ndogo zimeungana zikawa mtandao mmoja. Ile taa ya buluu anayomulika daktari haianiki kitu, inaanzisha tu huo muungano.

Uti wa mgongo wa nyingi kati ya dawa hizi bado ni bis-GMA, molekuli aliyoipatia hataza Mmarekani Rafael Bowen mwaka 1962. Alikuwa amejaribu epoksi, risini ya aina ya gundi, ikachelewa mno kugumu mdomoni, basi akaiunganisha na methakrilati, kemikali ambayo molekuli zake huungana kwa haraka. Tatizo lake ni kwamba ni nzito mno, haitiririki: bila kuchanganywa na TEGDMA, molekuli nyingine ya jamii hiyo iliyo nyepesi, huwezi kuitia chembechembe za kutosha. Nazo chembe za kioo na silika ndizo zinazobeba mzigo wa kutafuna, mara nyingi robo tatu ya uzito wote, kama kokoto kwenye zege. Kioo na risini havipatani, kwa hiyo kila chembe hupakwa sileni, kemikali ya kuunganisha, upande mmoja ushike kioo na mwingine uingie kwenye mtandao. Bariamu iliyomo kwenye kioo ndiyo inayofanya kiziba hicho kionekane kwenye eksirei.

Sasa mwanga. Ndani ya dawa kuna kamforokwinoni, unga wa njano unaofyonza zaidi mwanga wa karibu nanomita 468. Ukiupata, hushirikiana na amini, kemikali saidizi, kuzaa radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Radikali hufungua kifungo pacha (kifungo maradufu kati ya atomi mbili za kaboni) cha methakrilati, molekuli hiyo humfungua jirani, na mnyororo unakimbia. Kabla haujafika mwisho, mtandao umekaza na molekuli zilizobaki hazina pa kupita. Ndiyo maana theluthi moja hivi ya vifungo, pengine zaidi, hubaki bila kufunguka. Juu kabisa huachwa utando unaonata, kwa kuwa oksijeni ya hewani huzima radikali.

Molekuli zikishikana husogeleana, na dawa hunywea asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Ikiwa imeng'ang'ania kuta za jino, mvuto huo unaweza kuacha ufa pembeni, au jino likauma ukiuma kitu. TEGDMA ikizidi, kunywea nako huzidi. Mtengenezaji anapima kati ya ulaini na mnyweo.

Madaktari wenzangu hubishana sana kuhusu chapa ya dawa. Mimi ningeanza na taa. Mwanga hufifia unapopenya, hasa kwenye rangi za giza, ndiyo maana dawa ya kawaida huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2. Ncha ya taa ikiwa na risini iliyogandia, au ikishikwa mbali na jino, sehemu ya juu itagumu vizuri na sindano ya kuchunguzia haitaona kasoro, huku chini, pale kwenye dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya enameli), kukiwa bado laini.